Wamekwambia nafasi yako imefutwa, afu wametangaza kazi ileile kwa mshahara mdogo: fanya hivi (yaliyonikuta Tanga)

Jamani hili swali nimeulizwa na watu wengi sana hapa Tanga tangu kesi yangu iishe, wengine wananipigia usiku saa nne wanalia, kwa hiyo naandika lote hapa mtu asome kwa utulivu. Ni refu, tafadhali soma mpaka mwisho, manake kuna sehemu ukikosea siku tu umeshapoteza.

Mimi nilikuwa msimamizi wa stoo miaka sita kwenye kampuni moja ya kuhifadhi na kusafirisha mizigo, sio mbali na bandarini. Jumatatu moja naitwa ofisini, namkuta meneja na mtu wa HR (wale wa rasilimali watu) katoka Dar, wananiambia kampuni inapangwa upya, nafasi ya msimamizi wa stoo imefutwa, barua hii hapa, saini. Dakika kumi na tano nimemaliza miaka sita. Nikatoka na baiskeli yangu mpaka Makorora sikumbuki hata nilipita barabara gani.

Wiki tatu baadaye kijana wa jirani ananiletea simu yake, "dada hebu nisaidie kuandika barua ya maombi, kuna kazi imetangazwa". Nafungua, kampuni ileile, "Afisa Kumbukumbu za Mizigo". Nasoma majukumu, yote yangu, mpaka lile neno "upokeji" lililoruka herufi ambalo mimi mwenyewe ndo nilikosea nilipoandika karatasi ya majukumu ya kazi yangu. Walikopi wakabandika. Yule kijana akaitwa intavyuu akaambiwa mshahara ni laki nne na ishirini, mimi nilikuwa nalipwa laki saba na themanini.

Ndo nikajua kwamba nafasi haikufutwa, ila waliona gharama yangu imekuwa kubwa.

Kwanza elewa sheria inaangalia nini

Watu wengi wanadhani kwa sababu jina la cheo limebadilika basi hawana kesi, na HR ndo wanataka uamini hivyo. Cheo ni jina tu, ukifika kwenye kesi kinachoangaliwa ni kazi yenyewe, yaani nani sasa hivi anapokea mzigo, nani anasaini leja, nani anafanya hesabu ya mwisho wa mwezi.

Sheria yetu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inamruhusu mwajiri kupunguza watu, hilo tusidanganyane, lakini lazima sababu iwe ya kweli na utaratibu uwe wa haki, na mzigo wa kuthibitisha ni wa MWAJIRI sio wako. Sababu zinazokubalika ni za kiuchumi, za kiteknolojia au za kimuundo, mfano biashara imeanguka, mashine imechukua kazi ya watu, au idara mbili zimeunganishwa. Na kanuni za utendaji bora zilizotoka 2007, tangazo la serikali namba 42, zinasema mahakama ichunguze kwa makini upunguzaji wa namna hii ione kama mwajiri alifikiria njia zote mbadala kabla ya kumtoa mtu.

Utaratibu uko kifungu cha 38 cha sheria hiyo ya 2004. Mwajiri akianza tu kufikiria kupunguza watu anatakiwa atoe taarifa ya nia yake, atoe taarifa zote zinazohusika, afu mshauriane KABLA hajaamua. Mnashauriana kuhusu sababu ya kupunguza, njia za kukwepa au kupunguza idadi, vigezo vya kuchagua nani aondoke, lini, na malipo ya kiinua mgongo. Kanuni za 2007 zinataja mpaka kuhamishiwa kazi nyingine na suala la kuajiriwa tena nafasi ikipatikana.

Sasa unganisha na hilo tangazo. Kama kampuni ilikuwa na mpango wa kuwa na nafasi ya laki nne na ishirini, hiyo ilikuwa njia mbadala na ilitakiwa iwekwe mezani uulizwe, "dada hali imekuwa ngumu, nafasi iliyobaki ni hii na mshahara ni huu, unaitaka?" Ungekataa hapo kesi yako ingekuwa dhaifu kama karatasi. Lakini hawakukuuliza. Kesi yote imekaa hapo, na nilivyokuwa naongea kule kwenye usuluhishi sikuhangaika kusema wananionea wananichukia, nilirudia hilohilo, nafasi ilikuwepo na sikuulizwa.

Hesabu siku zako leo hii

Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo haki unatakiwa ufikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hii tunayoiita CMA, ndani ya siku 30. Sio siku za kazi, ni siku za kalenda, Jumapili imo na sikukuu imo. Zinahesabiwa tangu tarehe ya kuachishwa au tarehe mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho, na ushauri wangu hesabu kuanzia tarehe iliyo kwenye barua usibishane nayo. Nawajua watu wawili wa hapahapa Tanga waliokuwa na kesi nzuri kuliko yangu wakapotezea pale, mmoja alikuwa anasubiri mazungumzo na bosi ambaye kila wiki anamwambia "njoo wiki ijayo", mwenzangu hayo ni maneno tu ya kukupitishia siku.

Mimi tangazo nililiona siku ya 22. Nilibaki na siku nane.

Kama tangazo limetoka baada ya siku 30 kuna njia, unaomba kuongezewa muda kwa fomu ya CMA namba 2 pamoja na kiapo, unaeleza umechelewa kiasi gani, kwa nini, una hoja gani ya maana kwenye kesi yenyewe, na mwajiri ataumia nini ukiruhusiwa. Kila siku uliyochelewa iwe na maelezo, na useme ukweli kwamba hukujua nafasi ipo mpaka tarehe fulani ulipoona tangazo, na uende siku mbili tatu tu baada ya kuliona. Ukiliona leo ukaenda mwezi ujao hiyo sababu imekufa.

Kamata tangazo kabla halijafutwa

Hili fanya hata kabla ya kumwambia mume au mke wako. Matangazo ya kazi yanafutwa, hasa wakishtuka kwamba umeona.

Piga skrinishoti yote kuanzia juu mpaka chini, tarehe ionekane, jina la kampuni lionekane, namba au imeili ya kutuma maombi ionekane. Kama limetumwa kwenye grupu la WhatsApp usikate, acha lionekane limetumwa na nani na saa ngapi. Kama ni PDF ihifadhi vilevile. Afu nenda stesheneri printi kopi tatu. Simu yenyewe usiifute kitu wala usiiuze, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki lakini upande wa pili unaweza kudai umetengeneza, ndo hapo simu yenye ujumbe wa asili inakusaidia. Kama tangazo limebandikwa getini au ukutani, piga picha na mtu mwingine awepo aone.

Pia tafuta mtu aliyeomba au aliyeitwa intavyuu akakubali kuwa shahidi. Usimlazimishe. Yule kijana wangu mwanzo aliogopa, mama yake ndo alimwambia "wewe sema ulichosikia basi". Kwenye intavyuu alikuwa ameambiwa "aliyekuwepo alikuwa anakula hela nyingi". Hiyo sentensi moja ilikuwa na uzito kuliko makaratasi yangu yote.

Linganisha kazi kwa kazi

Chukua karatasi igawe pande mbili. Kushoto andika majukumu yako kama yalivyo kwenye mkataba au karatasi ya majukumu, kulia yale ya tangazo. Kama hukuwahi kupewa karatasi ya majukumu, na kampuni nyingi hawatoagi, tumia vitu ulivyokuwa unafanya kweli, leja zenye saini yako, meseji za bosi anakuagiza, ripoti ulizotuma kwa imeili, ratiba ya zamu.

Kwangu ilitoka hivi: kupokea mzigo na kuuhakiki, ipo kwao. Kutunza leja, ipo. Kuhesabu stoo kila mwisho wa mwezi, ipo. Kusimamia vibarua wa kupakia, ipo ila wameandika "kuratibu". Kuandaa hati za kutoa mzigo, ipo. Kuagiza vifaa vya ofisi, haipo. Kuingiza taarifa kwenye programu ya kompyuta, kwao ni mpya, ila mimi nilikuwa naifanya tangu programu ilipoletwa na nilikuwa na meseji za meneja ananiuliza umeshaingiza. Jumla kati ya majukumu hayo saba sita yapo pande zote mbili.

Usidanganye hapa, tafadhali sana. Kama kuna jukumu ambalo kweli hukuwahi kufanya liandike wazi, ukilificha watalitoa wao na utaonekana mwongo kwa yote. Angalia na sifa wanazotaka, elimu na uzoefu, kama unazo zote andika. Kama wanataka diploma na wewe huna, angalia kama kweli kazi inahitaji diploma au imewekwa kukuzuia.

Pima na upande wa pili. Kesi inakuwa dhaifu kama kazi mpya ni tofauti kweli, kama kwenye mashauriano uliwahi kupewa ofa ya hiyo nafasi ukakataa kwa maandishi, kama tangazo limekuja mwaka mzima baadaye na biashara imefufuka, au kama ulikuwa umefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, maana hapo sheria ya kuachishwa isivyo haki haikugusi. Wa mikataba ya muda maalum nao njia yao ni tofauti kidogo, mara nyingi wanadai kuvunjwa kwa mkataba, kwa hiyo waulize pale CMA kabla ya kujaza chochote.

Usisaini vitu viwili

Barua ya kuacha kazi mwenyewe. Wanakwambiaga "andika umeacha mwenyewe ni heshima zaidi, tutakupa barua nzuri". Usikubali. Ukiacha mwenyewe hujaachishwa, kesi imeisha, na hata fao la kukosa ajira la NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, ambalo ukiwa umechangia angalau miezi 18 unalipwa theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, unajiwekea kizuizi.

Cha pili ni makubaliano yanayosema umelipwa yote na hutadai kitu. Ukisaini kwa hiari kuyarudisha nyuma ni kazi ngumu mno. Kupokea barua ni sawa, andika "nimepokea" na tarehe, sio "nimekubali". Hela za haki yako zikiingia benki sio kosa kuzipokea, ila usisaini zile karatasi za kufuta madai.

Waandikie barua fupi

Ukurasa mmoja tu, lugha ya heshima, hakuna matusi hakuna vitisho. Sema uliachishwa tarehe fulani kwa sababu nafasi imefutwa, tarehe fulani umeona tangazo la nafasi ambayo majukumu yake ni yako, na unaomba vitu vitatu: muhtasari wa vikao vya mashauriano, vigezo vilivyotumika kukuchagua wewe, na maelezo kwa nini nafasi hiyo hukupewa. Malizia kwamba uko tayari kuzungumza kuhusu nafasi hiyo. Peleka mwenyewe, wagonge mhuri kwenye kopi yako. Mlinzi akikataa kupokea tuma kwa imeili au kwa posta ya rejista utunze risiti.

Watu wanauliza, sasa niombe hiyo kazi ya mshahara mdogo? Mimi nasema omba. Tuma maombi kama mtu mwingine yeyote na utunze ushahidi umetuma. Wakikurudisha umerudi na mnaongelea mshahara, wasipokujibu wameonyesha wenyewe kwamba shida ilikuwa wewe sio muundo. Niliomba, sikujibiwa.

Usisubiri majibu ya barua ndo uende CMA. Siku 30 hazisimami kwa sababu umeandika barua.

Kama kazini kuna chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa, TUICO kwa wa viwandani na biashara au TPAWU kwa wenzetu wa mashamba ya mkonge huko, nenda kwa katibu wa tawi siku hiyohiyo. Ukiwa na chama kinachotambuliwa mwajiri anashauriana na chama, kwa hiyo usiende kulalamika "sikuitwa kikaoni" kumbe chama kiliitwa kikasaini. Omba uone walichosaini na kama hiyo nafasi mpya ilitajwa.

Kujaza fomu namba 1

Fomu ya CMA namba 1 inapatikana ofisi zao na huduma zao hazilipiwi, mtu akikudai hela ya fomu huyo sio wa tume. Kwa Tanga ofisi ya mkoa iko hapa mjini, wa Muheza, Korogwe na Lushoto mnakuja hukuhuku, kwa hiyo pangeni nauli mapema msije mkafika siku ya mwisho saa kumi jioni.

Hii fomu watu wanaichukulia kama ya kujiandikisha kliniki, kumbe ndo kesi yenyewe. Usichoandika humu baadaye kukidai ni shida. Angalia haya:

Jina la mwajiri liwe lile la kisheria lililo kwenye mkataba au hati ya mshahara, sio jina la kwenye bango la geti. Ukikosea unaweza kushinda halafu ukakosa wa kumdai.

Tarehe ya mgogoro ilingane na barua. Aina ya mgogoro ni kuachishwa kazi, na kuna sehemu B inayohusu kuachishwa ambayo wengi wanairuka, USIIRUKE. Humo unaeleza kwa nini sababu haikuwa ya haki na kwa nini utaratibu haukuwa wa haki, vyote viwili. Mimi kwenye sababu niliandika nafasi haikufutwa kwa kuwa imetangazwa kwa jina jingine siku 22 baadaye, majukumu sita kati ya saba ni yaleyale. Kwenye utaratibu nikaandika sikupewa taarifa ya nia, sikushirikishwa, na nafasi mbadala iliyokuwepo sikuambiwa.

Unachotaka kiandike chote. Ni kurudishwa kazini, kuajiriwa upya, au fidia. Ongeza stahili kama hujalipwa: mshahara wa siku ulizofanya, likizo, notisi ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, kiinua mgongo ambacho si chini ya siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia mpaka miaka 10, yaani mimi wa miaka sita ni siku 42, na cheti cha utumishi. Kama uliajiriwa mkoa mwingine ukaletwa Tanga, unadai na usafiri wa kurudi na mizigo yako, pamoja na posho ya kujikimu mpaka usafirishwe. Wengi hawajui hili, nimewaona watu wa Moshi wanajilipia basi pale stendi ya Kange na magodoro yao.

Ukishajaza, kopi mpelekee mwajiri kwanza asaini kupokea, ndo unarudisha CMA na ushahidi kwamba amepata. Kwa hiyo ile siku ya 30 sio siku ya kuanza kujaza.

Siku ya usuluhishi na baada ya hapo

Fika mapema. Usipotokea malalamiko yako yanaweza kufutwa, na mwajiri asipotokea msuluhishi anaweza kuamua bila yeye. Unaweza kwenda na mtu wa chama chako au wakili, mimi nilienda na kaka wa chama aliyenisaidia bure. Lugha ni Kiswahili, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 ndo lugha ya vyombo vya haki, kwa hiyo wakikuletea maneno ya Kizungu marefu omba waeleze uelewe.

Mkifika wote, msuluhishi hatoi hukumu, anawasaidia mkubaliane. Na mnachosema mle ndani hakitumiki kama ushahidi baadaye, kwa hiyo ongea kwa uwazi. Kabla hujaingia uwe na namba mbili kichwani, unayoitaka na ambayo chini yake unaondoka, na uzipange nyumbani na watu wako, sio pale mezani una njaa na wakili wa kampuni anakuangalia.

Wangu walikuja wamejiandaa kusema mambo ya muundo. Niliwawekea zile karatasi mbili tu, ya pande mbili na tangazo, nikaonyesha lile neno "upokeji". Mtu wa HR alisoma, akasoma tena, akaomba watoke nje dakika chache. Kikao cha pili tukamalizana.

Msipokubaliana msuluhishi anatoa hati kwamba imeshindikana na mnaenda kwenye uamuzi. Huko kwa kuwa mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri yeye ndo anaanza kutoa ushahidi, na wewe unapata nafasi ya kumuuliza. Andika maswali mapema. Yangu niliyoyaandaa, ingawa sikufika huko, yalikuwa: nafasi mpya ilipitishwa lini na nani? Wakati mnaniita ofisini mlikuwa mnajua itakuwepo? Kikao cha mashauriano kilifanyika tarehe ngapi, muhtasari uko wapi? Leo asubuhi nani kapokea mzigo? Uliza swali fupi unyamaze umwache ajibu. Asiyeridhika na uamuzi ana wiki sita tangu apewe tuzo (yaani uamuzi wenyewe wa maandishi) kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Mkikubaliana, makubaliano yaandikwe palepale kwenye fomu ya tume na yasainiwe na wote, yakiwa na kiasi kwa tarakimu na maneno, tarehe ya kulipa, akaunti gani, na nani anabeba makato ya kodi. Usikubali "tutalipa mwisho wa mwezi" bila tarehe. Tarehe ikipita bila hela, hayo makubaliano yanatekelezwa kama amri ya mahakama, unaenda kuomba utekelezaji Divisheni ya Kazi. Wangu walichelewa siku tano, nikawapigia nikawasomea tarehe iliyoandikwa, kesho yake saa sita mchana meseji ya benki ikaingia niko sokoni Ngamiani nanunua dagaa. Cheti cha utumishi nilikifuata mwenyewe Jumatatu iliyofuata.